Hatujambo ya Doto

Shikeni matumbo yenu kwanza, ndipo niwasimulie. Sisemi mshike kwa kujiandaa kucheka. Shikeni kama mtu ashikavyo mkoba wake penye msongamano, ajue kilichomo ni chake mwenyewe. Mko tayari? Haya.

Walikuwapo pacha wawili, Kurwa na Doto, wapishi wa shughuli. Harusi gani, hitima gani katika mji wao iliyopikwa bila wao? Kurwa alitangulia kutoka tumboni, Doto akafuata, lakini mdomo ulikuwa wa Doto. Tangu wakiwa wadogo, mtu akiwaambia "Hamjambo?" Kurwa hunyamaza, Doto hujibu kwa niaba ya wote wawili, "Hatujambo." Ikawa mazoea. Hata akiwa peke yake sokoni, muuza vitunguu akimwuliza "Hujambo?" yeye hujibu "Hatujambo," na watu wakajua kwamba Kurwa yumo humo. Kurwa mwenyewe alilipenda neno lile kuliko sifa zote za pilau lake. Alisema akilisikia kutoka chumba cha pili, anajua bado amehesabiwa duniani.

Kisha kisukari kikamkamata Kurwa. Alikuwa mtu wa mwili, mwili wa mpishi anayeonja kila sufuria, na kikaanza kumla taratibu. Kidole cha mguu kikakatwa. Kidonda kilichobaki kikakataa kufunga. Daktari wa mjini kwao akamweleza Doto kwa lugha nyepesi kwamba mafuta ya tumboni yamewakasirisha askari wa mwili wa dada yake, wanapigana usiku na mchana bila adui, na moto ule mdogo usiozimika umeuziba mwili masikio hata hausikii tena dawa ya sukari. Kisha akaupitisha mkono wake juu ya kifundo cha mguu wa Kurwa, akasema, "Tukichelewa, tutakata hapa." Doto alitoka nje akaegemea ukuta. 

Ndipo akasikia habari za nchi ya Shwari, ambako watu hula wakashiba na kunenepa, wala sukari haimpandi hata mmoja. Akafunga safari akatafute dawa ya dada yake.

Alifikaje? Msiniulize njia. Wapo wasimulizi wanaopenda kuorodhesha milima na mito, na msikilizaji anasinzia kabla msafiri hajafika. Doto alifika, basi.

Langoni alimkuta mwenye lango, Bwana Utuvu, mtu mnene wa sauti ya chini. Kitu cha kwanza Doto alichokiona ni kidole chake cha shahada. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye fundo la pili. Doto aliyekuwa akiosha mguu wa Kurwa kila asubuhi aliujua weusi ule. Lakini kidole hakikuvimba, hakikuwa na wekundu wowote, na mwenyewe alikitumia kuelekeza watu kana kwamba hakina neno.

"Hamjambo?" aliuliza Bwana Utuvu.

Doto aligeuka kutazama nyuma. Hakuna mtu. Akaona kumbe anaulizwa yeye na wa nyumbani kwake, adabu nzuri kabisa. Akajibu kama alivyozoea, "Hatujambo."

Uso wa Bwana Utuvu ukakunjuka. "Afadhali. Wageni wengi hufika hapa mmoja mmoja, inasikitisha. Na Mwandani wenu yukoje?"

Mwandani! Ni nani mwingine kama si Kurwa? "Anaumwa," Doto akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Poleni sana. Anakula?"

"Kula anakula, bwana wee. Kula ndiko kulikotufikisha hapa."

"Kula si kosa," Bwana Utuvu akasema kwa upole, akamfunga nyuzi mbili kwenye kifundo cha mkono, mmoja mweupe na mmoja mwekundu. "Sheria ya lango ni moja tu. Walioingia wawili hutoka wawili."

Doto akaitikia, kama sisi sote tunavyoitikia tusichokielewa tukiwa na haraka zetu.

Alipangiwa nyumba ya Bi Tulizo, mama mpole aliyepokea wageni wa nchi. Mchana chakula kikaja, sinia lililojaa, na kabla hajatia tonge mdomoni Bi Tulizo aliweka kiganja juu ya tumbo, akainamisha kichwa, akasema, "Karibu, tule." Doto akadhani ni dua ya kwao, naye akaiga. Walipomaliza, Bi Tulizo hakuinuka. Alikaa kimya, mkono tumboni, macho nusu yamefumba. Doto akachungulia dirishani. Mji mzima umesimama. Muuza maji amekaa, mwalimu amekaa, askari wa njia panda amekaa katikati ya njia, wote mikono tumboni, na hakuna hata mbwa anayebweka. Katika kimya kile Doto alisikia moyo wake mwenyewe ukigonga, akaogopa wasije nao wakausikia.

"Mnafanya nini?" aliuliza walipozinduka.

"Tumemwacha Mwandani ale," Bi Tulizo akajibu. "Ninyi huwa hamumwachi wenu?"

Ikabidi aulize, na Bi Tulizo akamweleza bila haya kama mtu anavyomweleza mgeni habari za mkwewe. Mwandani ni yule anayekaa ndani ya utumbo. Mwembamba, mweupe, hana macho. Kila Mshwari anaye wake, hupewa utotoni katika kikombe cha uji. Ndiyo maana Mshwari hasemi "mimi", husema "sisi", wala haambiwi "wewe". Asiye na Mwandani huitwa mtupu, na mtupu haoi, haolewi, hashuhudii barazani.

Doto alisikia nywele zikimsimama. Alitazama ule uzi wa pili mkononi mwake, akafahamu amekubali nini pale langoni. Akataka kuukata hapo hapo. Akataka kusema kuwa ni makosa ya lugha, kwamba kwetu mnyoo ni mnyoo. Lakini alimkumbuka Kurwa, akalimeza neno. Aliogopa kwamba mtupu hatapewa dawa.

"Mababu zetu walimfukuza," Bi Tulizo akaendelea. "Walikuja watu na vidonge, taifa zima likanywa siku moja, wakashangilia. Kisha shibe ikaja, na sukari nyuma yake. Miguu ikakatwa, macho yakafa. Mpaka wataalamu wakagundua kwamba vijiji vilivyokwepa vidonge havikuugua. Tukamwomba Mwandani arudi. Akarudi bila kinyongo."

Lipo neno moja Bi Tulizo hakumtajia, kwa kuwa Shwari halitamkwi. Nawaambia ninyi. Mnyoo wa tumboni, katika Kiswahili cha wazee, aliitwa pia mchango. Ndiyo, mchango huo huo. Kwa sababu hiyo Washwari waliacha kabisa kusema watu watoe michango. Msiba ukitokea, jirani "hutia kikapuni". Doto aliona vikapu milangoni, akadhani ni vya mboga.

Siku zilizofuata aliujua utulivu wa nchi ile, akauchukia kabla hajajua kwa nini. Hapakuwa na mtu mwenye mguu uliokatwa, hilo kweli, na wazee vibonge walipanda ngazi bila kuhema. Lakini pia hapakuwa na mtu aliyekasirika. Alimwona mama ambaye mtoto wake aliungua na maji ya moto, naye akampepea taratibu kama anayepepea sinia la wali. Alimwona mtu amekanyaga msumari akaendelea na mazungumzo. Mazishi yalikuwa mengi, ya watu wa makamo waliokufa kwa miba, kwa kikohozi, kwa mchubuko. Hakuna aliyeuliza. Doto akawa analala ameukumbatia mto, na jasho la hofu likawa ndilo jambo pekee lililomhakikishia kuwa bado ni yeye.

Hatimaye alipelekwa kwa Tabibu Natija, mkuu wa Nyumba ya Tone, mama mrefu mwenye koti jeupe na nyuzi zake mbili mkononi. Tabibu Natija alimwonyesha panya wawili katika vizimba. Wote walilishwa mafuta tangu wadogo. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi akihema. Wa pili, mnene vile vile, alikuwa anakimbia huku na huku, manyoya yanang'aa.

"Mwandani hana nguvu," Tabibu Natija akasema. "Mwili ungetaka kumtoa, ungemtoa. Kwa hiyo hutema ute, na ute ule huwatuliza askari wa mwili wasimwone. Askari hao hao ndio wanaomwunguza mtu mnene na kuharibu sukari yake. Sisi tumechukua ute, tukauchuja, tukapata kitu kimoja ndani yake kinachofanya kazi hiyo. Tunakiita tone. Huyu anayekimbia hana Mwandani. Ana tone tu."

Doto alihisi machozi. "Kwa hiyo mtu anaweza kupata dawa bila... bila huyo?"

"Kwa panya tumeona. Kwa mtu, Baraza halijaturuhusu kujua."

Kwenye rafu nyuma yake zilipangwa chupa ndogo ndogo, zimejaa, zimeshika vumbi.

"Tangu lini?" Doto akauliza.

"Tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Njooni barazani kesho, mseme shida yenu."

Baraza la Shwari lilikutana ukumbini baada ya kifungua kinywa kizito. Aliliongoza Mwinyi Ridhaa, mzee mwenye tabasamu lisiloondoka. Msemaji alipaswa kuweka mkono tumboni, asubiri Mwandani akubali, ndipo afungue mdomo. Wengine walisubiri mpaka zamu yao ikapita. Upande mmoja walikaa Watu wa Mzima, waliotaka Mwandani kamili au basi. Upande wa pili Watu wa Tone.

"Kuchukua ute wa Mwandani na kumnyima nyumba," alisema mmoja wa Watu wa Mzima, "ni kumla mtu kodi na kumfungia mlango."

"Tone halitagi wala halizaani," Tabibu Natija akajibu. "Mnalipima. Likizidi mnaacha. Mwandani hamwezi kumwambia leo punguza, huyu ana kidonda."

"Je, panya wale waliulizwa kama wanataka kubaki mmoja mmoja?" akauliza mwingine, na swali likapokelewa kwa heshima, likachukua asubuhi yote. Baadaye mjumbe mmoja alisema pengine jambo lenyewe lina haraka. Ukumbi ukatafakari. Ikapendekezwa kamati ichunguze kama lina haraka, na kamati ilete majibu itakapokuwa imetulia. Wote wakaridhia, pamoja na Watu wa Tone. Hakuna aliyetaja mgonjwa hata mmoja.

Doto alikuwa anachemka. Aliona kifundo cha mguu wa Kurwa na mkono wa daktari ukipita juu yake. Akasimama bila kuweka mkono tumboni wala popote.

"Wazee wangu," akasema, "dada yangu anakatwa mguu. Mimi si msomi, ni mpishi. Chupa mnazo, zinashika vumbi. Nipeni moja tu. Sitaki cha bure. Niko tayari kutoa mchango wangu, wowote mtakaosema."

Viganja vyote ukumbini vikashuka kufunika matumbo, kama mzazi azibavyo masikio ya mtoto. Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Doto akajua amesema neno baya, asijue lipi.

"Mmesema mtatoa nini?" Mwinyi Ridhaa akauliza, tabasamu lipo pale pale.

"Mchango," Doto akasema.

Mama mmoja mstari wa mbele akalala chini taratibu, akazimia.

Wakamwita Tabibu Natija amchome Doto kidole. Damu ikadondoka katika kisahani, Tabibu akatia dawa yake, damu ikageuka nyekundu kali. Akaitazama muda mrefu. "Ina moto," akasema. "Hamna mtu humu. Huyu yuko peke yake."

"Walioingia ni wawili," akasema Mwinyi Ridhaa. "Wa pili yuko wapi? Mmeshamtoa?"

"Sijamtoa mtu! Wa pili ni Kurwa, pacha wangu. Niliulizwa hamjambo, nikajibu hatujambo. Ndivyo ninavyojibu siku zote."

"Huyo Kurwa yumo ndani yenu?"

"Yumo moyoni."

Baraza likalichukua jibu hilo kwa uzito. Likamwuliza Tabibu Natija kama moyo una nafasi ya kukaa mtu.

"Moyo una vyumba vinne," Tabibu akajibu. "Vyote vimejaa damu."

"Basi hakuna nafasi," Mwinyi Ridhaa akasema, na kwa sauti ya baba anayempa mwana baraka akatoa uamuzi. "Hapa hatumwadhibu mtu. Tunarekebisha tu idadi. Mliingia wawili, mtatoka wawili. Mkikataa kikombe, mtakaa kwetu mpaka mkipende. Wapo waliokaa mpaka wakazeeka, wala hatukuwasumbua."

Doto aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Angeweza kukimbia, lakini kwenda wapi? Na kukaa ni kumwachia Kurwa msumeno.  Alitazama nyuso zile akitafuta hata moja yenye huruma, akaziona zote zina huruma. Hilo ndilo lililomvunja.

Walimweka katika chumba cha kusubiria kikombe. Tabibu Natija akaingia peke yake, akafunga mlango. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Doto," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Shwari mtu kumwita kama mtu mmoja. "Nisikilize wewe. Nimefunga kula tangu jana. Nikifunga, huyu wangu hulegea, nami huogopa kidogo. Haitadumu." Akatoa chupa ndogo katika koti, akamfungia mwenyewe kwenye pindo la kanga, fundo la nguvu. "Mpe daktari wa kwenu, aanze na kidogo mno, apime sukari, atazame kidonda. Sijui kama litamponya. Nakuapia sijui. Lakini usimpe dada yako Mwandani. Ana kidonda. Askari wakilala wote, kidonda kitatembea mwili mzima na hatasikia maumivu. Umekiona kidole cha Utuvu."

"Mbona unajua haya yote na huwaambii?"

"Nimewaambia. Wamenisikiliza vizuri sana." Akashika mlango. "Ukifika kwenu, kabla hujala, kabla hujakaa, kanywe dawa ya minyoo. Siku hiyo hiyo, Doto. Usingoje kuona haja."

"Nitakunywa kabla sijavua viatu," Doto akasema. Lilikuwapo duka la dawa mtaani kwao, kwenye kona, lenye benchi la mbao nje. Alilishika duka lile akilini kama mtu ashikavyo kamba kisimani.

Kikombe kikaletwa. Kilikuwa uji wa mtama, mtamu, vuguvugu, na hilo nalo lilimtisha, kwamba hakikuwa na ladha mbaya. Alikunywa analia. Wakampongeza wote kwa zamu, wakamwambia, "Hongereni."

Langoni hakumkuta Bwana Utuvu. Alikuwapo mwingine, mnene vile vile.

"Bwana Utuvu yuko wapi?"

"Wametulia," yule akajibu. "Wote wawili. Ni kile kidole. Walikuwa wanaeleza watu njia, wakaegemea nguzo, basi." Akazitazama nyuzi za Doto, akaridhika. "Safari njema kwenu."

Doto aliondoka mbio, mkono kwenye fundo la kanga. Alitetemeka, naye alifurahia kutetemeka kule. Aliongea peke yake njia nzima. Duka la dawa. Halafu daktari. Halafu Kurwa. Duka la dawa, daktari, Kurwa.

Sasa hapa ndipo mimi msimulizi huwa napata baridi, kwa maana hapakutokea kitu. Natamani ningewaambia alihisi kitu kikisogea, au aliota ndoto mbaya. Hapana. Alianza tu kupumua vizuri. Mabega yaliyokuwa yamepanda masikioni yakashuka. Aliona njaa, akala, akakaa kidogo baada ya kula, mkono umepumzika tumboni, na ule mkao wa kusubiri ukamfaa sana. Kesho yake aliongea peke yake tena, daktari, Kurwa. Akajua kuna kitu kilichotangulia, kikamtoka. Hakuona sababu ya kukikimbilia.

Alifika mtaani kwao saa za mchana. Akalipita duka la dawa kwenye kona, akarudi, akakaa kwenye benchi. Muuzaji, aliyemfahamu, akamwuliza anataka nini. Doto alifikiri. "Napumzika tu," akasema. Akapumzika, akaondoka.

Kurwa alimsikia akifungua mlango, na moyo ukamruka. Hakuwa amelala sawasawa tangu pacha wake aondoke. Alikuwa kwenye kirago chake sebuleni, mguu umefungwa kitambaa, na harufu iliyotoka pale yeye mwenyewe alikuwa anaionea haya. Daktari alikuwa amemwambia mwisho ni wiki hii.

"Doto," akaita. "Doto, umerudi. Umepata?"

Doto aliingia, akavua viatu, akaviweka pamoja. Amenawiri. Alikaa, akautazama mguu. Alizoea kuugusa kwa ncha za vidole huku anauma mdomo, akiumia kuliko mwenye mguu. Leo aliutazama kama mtu anavyotazama sufuria la jirani.

"Umechafuka kidogo," akasema. "Utatulia."

"Dawa, Doto. Umepata dawa?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

Doto aliinua pindo la kanga, akamwonyesha lile fundo, akaliachia. "Ipo humu. Haina haraka. Tule kwanza."

Kurwa alimtazama. Wamezaliwa pamoja hawa. Alijua namna Doto anavyokasirika, namna anavyoongopa, namna anavyoficha habari mbaya. Hii hakuijua. Akajikokota juu ya kirago, kidonda kikamchoma mpaka akaona giza, akalikamata pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza. Akalifungua kwa meno, na chupa ikaangukia kiganjani mwake. Doto hakumsaidia wala hakumzuia. Alikuwa anamtazama kwa wema mtupu.

"Nenda kaniitie daktari," Kurwa akasema.

"Tutakwenda."

"Sasa hivi, Doto."

"Tutakwenda tukishakula."

Kurwa aliibana chupa kifuani. Hofu ilimpanda kutoka kwenye mguu hadi kooni, na safari hii hakuwa anauogopea mguu. Akatafuta kitu cha kumwambia mtu huyu aliyekaa mbele yake na sura yake yeye mwenyewe. Akapata lile moja la tangu utoto. Akamwuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyo na hakika ina mtu.

"Doto. Hujambo?"

Doto alitabasamu. Akateremsha kiganja chake polepole juu ya tumbo, akasubiri kidogo, kana kwamba anaomba ruhusa.

"Hatujambo," akasema.

Kurwa akangoja, kama alivyongoja maisha yake yote, ajisikie yumo ndani ya neno lile. Hakuwamo.